Mkono mwepesi: namna ya kulegeza mwili wa farasi na kutunza tishu zake unganishi

Farasi hana mfupa wa mtulinga. Mguu wake wa mbele haujafungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Kifua chake kimebebwa katikati ya mabega mawili na misuli na utando wa tishu unganishi, kama mtoto kwenye mbeleko. Miguu ya mbele hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake, na mbeleko hiyo ikikaza upande mmoja, farasi mzima hukaa mshazari: hatua inafupika, tandiko linahamia kando, na mpanda farasi anadhani mnyama ni mkaidi.

Utando tunaouzungumzia ni ule mweupe unaouona nyama ikichunwa. Wataalamu huuita fashia. Umefumwa kwa nyuzi za kolajeni, nao umelowa maji na ute unaoruhusu tabaka moja kuteleza juu ya jingine. Unazunguka kila msuli, unaendelea kuwa kano pale msuli unapokwisha, na juu ya kiuno unatanda kama pande moja pana linaloshika mgongo, makalio na ubavu pamoja. Ndiyo maana kidonda cha mkanda wa tandiko kinaweza kuonekana kama kilema cha mguu wa mbele.

Tuseme wazi jambo moja kabla ya kugusa mnyama: vidole havichani wala havinyooshi utando huu kwa nguvu. Ni mgumu mno kwa hilo, na farasi wa kilo 450 akiamua kukaza, hakuna mkono utakaomshinda. Kinachobadilika upesi ni neva. Mguso wa polepole unaipa misuli ruhusa ya kuacha kujilinda, kisha mwendo ndio unaorudisha mtelezo kati ya tabaka. Kwa hiyo anayebonyeza kwa nguvu anafanya kazi kinyume.

Kwanza hakikisha farasi ni mzima

Pima joto kwa kipimajoto cha mkunduni. La kawaida kwa farasi mkubwa ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Joto likipita kiasi, acha kazi umwite daktari wa mifugo. Kwa Afrika Mashariki hili lina uzito wa pekee baada ya mvua, visubi wanapokuwa wengi na kueneza homa ya farasi ya Afrika: homa kali, uvimbe kwenye vishimo vya juu ya macho, povu puani. Kupe nao huleta homa ya piroplasma. Hakuna ukandaji kwa mnyama wa namna hiyo.

Usiguse pia farasi mwenye msokoto wa tumbo, mwenye kwato za moto anayesita kukanyaga, mwenye choa au maambukizi mengine ya ngozi (utayahamishia kwa mwenzake), wala sehemu iliyoumia ndani ya siku tatu zilizopita. Akikaza makalio baada ya kazi yakawa magumu kama ubao, anatoka jasho na mkojo umekuwa rangi ya kahawa, msuli unavunjika ndani. Asitembezwe, asikandwe, daktari aitwe mara moja.

Akiwa salama, mtembeze kwa mkono dakika kumi. Mtazame kutoka nyuma na ubavuni: je, makalio yanapanda na kushuka sawa? Kichwa kinatikisika kila mguu mmoja unapokanyaga? Kichwa kinachotikisika hivyo ni kilema, na kilema kinatafutiwa chanzo kabla ya kukandwa.

Mahali na mshikaji

Chagua banda lake mwenyewe au kivuli kwenye ardhi tambarare isiyoteleza. Asifungwe kwa kamba fupi, kwa sababu dalili nyingi za kulegea ziko kichwani na shingoni, na kichwa kilichofungwa hakiwezi kushuka. Saisi amshikie kamba iliyolegea, asimame upande uleule ulipo wewe. Kucha ziwe fupi, pete zivuliwe, mafuta yasipakwe; mafuta yanafanya mkono uteleze juu ya manyoya badala ya kushika ngozi. Tenga dakika 30 hadi 40, na usianze wakati wenzake wanapewa chakula.

Kujua uzito wa mkono, funga jicho lako ubonyeze kope kwa ncha ya kidole. Kiasi unachoweza kuvumilia hapo bila usumbufu ndicho kiasi cha kuanzia. Wengi hushangaa jinsi kilivyo kidogo.

Kusoma mwili kwa kiganja

Simama begani upande wa kushoto. Mkono mmoja utulie juu ya mabega, mwingine upite polepole kutoka utosini, shingo, bega, mgongo, kiuno hadi makalio. Mpito mmoja usiwe chini ya dakika moja. Unatafuta joto, ubaridi usio wa kawaida, manyoya yaliyosimama, ngozi isiyosogea, na pale farasi anapobadilika: jicho linakaza, pumzi inasita, sikio linageuka, ngozi inatetemeka. Mtetemo peke yake hausemi mengi. Farasi ana msuli wa ngozi wa kufukuzia nzi, na mguso mwepesi kupita kiasi unaweza kuuamsha.

Kisha jaribu ngozi. Chukulia sehemu moja inayoshikwa sana, upana wa kiganja nyuma ya mabega, mahali pa mbele ya tandiko. Laza kiganja chote bila kubonyeza. Sogeza ngozi sentimita moja au mbili kuelekea kichwani, irudishe, isogeze kuelekea mkia, kisha juu, kisha chini. Ngozi yenye afya itasogea pande zote kwa ulaini unaolingana. Iliyoshikwa itagoma upande mmoja, mara nyingi wa kuelekea mkia. Usipigane na upande unaogoma. Ipeleke ngozi kule inakokubali, ishikilie hapo bila kuongeza nguvu, sekunde 30 hadi 90. Utahisi joto chini ya kiganja, halafu ngozi itaanza kutambaa yenyewe. Ifuate. Ikitulia, rudisha mkono taratibu ujaribu tena upande uliokuwa mgumu. Mara nyingi umefunguka kidogo, na hicho kidogo kinatosha kwa siku hiyo.

Majibu ya farasi unayoyatafuta ni kupepesa jicho, kushusha kichwa, mdomo wa chini kulegea, kupumua kwa kina, kupiga miayo, kujitikisa mwili mzima. Kulamba midomo na kutafuna kunatajwa sana, lakini farasi hufanya hivyo pia anapotoka kwenye hofu. Kuchukue pamoja na dalili nyingine. Akikunja masikio nyuma, akipiga mkia, akibana pua au akigeuza meno, ameshasema. Punguza uzito kwa nusu. Akirudia, hama sehemu hiyo.

Mpangilio wa kazi

Anza utosini na shingoni. Weka ncha za vidole nyuma ya sikio, mkono mwingine juu ya mfupa wa pua, usubiri. Usivute kichwa chini, kitashuka chenyewe. Teremka kwa vidole kando ya pingili saba za shingo, ukisimama pale anapopepesa jicho. Kazi hii ina faida hadi kiunoni, kwani kuna ligamenti (utepe wa tishu unganishi unaofunga mfupa kwa mfupa) nene inayotoka utosini hadi mabegani na kuendelea juu ya uti wa mgongo. Kichwa kikishuka inavutika, na mgongo unapata nafasi ya kuinuka.

Bega linahitaji muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Baada ya kuteleza ngozi kuzunguka ukingo wa mfupa wa bega, inua mguu wa mbele kama unavyosafisha kwato. Mkono mmoja uwe chini ya goti, mwingine kwenye kifundo, na mguu ukae chini, karibu na ardhi. Ukiuhisi umekuwa mzito, maana yake ameuachia; zungusha goti duara dogo la ukubwa wa kisahani cha chai, mara tano kila upande. Kisha peleka mguu mbele hadi pale unapohisi mkazo wa kwanza tu, subiri pumzi mbili au tatu, uuweke chini kwa upole. Kuuachia uanguke kunavunja kila kitu ulichofanya. Kuvuta mbele kwa nguvu ili ngozi chini ya mkanda inyooke, kama wengi wanavyofanya kabla ya kupanda, kunamfundisha farasi kuvuta nyuma.

Kifuani, kati ya miguu ya mbele na mahali pa mkanda, tumia kiganja na si vidole. Hapo ndipo wengi huuma, na mara nyingi wana sababu: mkanda unakazwa kwa mkupuo mmoja kila siku.

Mgongoni, kaa sentimita tano hadi nane kando ya uti. Mifupa yenyewe haibonyezwi kamwe. Ukiwa mfupi tafuta jukwaa imara, lisiwe ndoo. Tumia ule utaratibu wa kuteleza ngozi kutoka mabegani hadi mwisho wa mbavu, kisha mwinue mgongo: simama kando ya bega, weka ncha za vidole katikati ya kifua, nyuma kidogo ya mahali pa mkanda, ubonyeze kuelekea juu ukiongeza taratibu hadi mabega yapande. Shikilia sekunde tatu hadi tano, mara tatu tu. Uwe macho na mguu wake wa nyuma, na usitumie kucha wala chuma cha kusafishia kwato.

Makalio yana misuli minene, na hapa unaweza kuongeza uzito wa mwili wako kupitia kiganja, si kupitia kidole gumba. Malizia na mkia, ukisimama ubavuni pa paja na si nyuma yake kabisa. Shika shina la mkia, lizungushe pole, kisha uegemee nyuma kidogo kwa sekunde 15 au 20, uachie kwa muda uleule. Akibana mkia, acha.

Miguu chini ya goti haina msuli, ni kano na ligamenti. Haikandwi kwa nguvu. Inua mguu, pitisha kidole gumba na cha shahada nyuma ya muundi, ulinganishe kulia na kushoto: unene, joto, maumivu. Fanya hivi kila siku, kabla ya kazi na kesho yake, kwa sababu kano huonyesha joto kabla farasi hajachechemea.

Karoti

Akishapata joto, malizia kwa mazoezi ya karoti: mwonyeshe karoti aifuate kwa mdomo huku miguu ikisimama palepale. Kidevu kiende kifuani, kisha kati ya magoti, kisha kwenye mkanda kulia na kushoto, kisha kwenye nyonga kulia na kushoto. Kila moja mara tano, kwa sekunde kama tano, polepole na bila kunyakua. Mwaka 2011 Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mazoezi ya namna hii, yakifanywa siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, yaliongeza unene wa misuli midogo inayoshika uti wa mgongo. Kata karoti kwa urefu. Vipande vya mviringo vinaweza kumkaba. Akisogeza miguu badala ya kupinda mwili, msimamishe kando ya ukuta na uanze na umbali mfupi.

Kinachoharibu kazi

Ukimkanda leo ukamrudishia tandiko bovu kesho, umepoteza muda. Uzito wa mpanda farasi usivuke ubavu wa mwisho, wa 18. Ufuate kwa kidole kutoka chini hadi unapokutana na mgongo, uweke alama kwa chaki. Akitoka kazini tazama jasho chini ya tandiko. Doa kavu katikati ya eneo lililolowa mara nyingi ni mahali palipobanwa kupita kiasi, na manyoya meupe ni historia ya mbano wa zamani. Kwato nazo: ncha ikirefuka, kano ya nyuma ya mguu inavutika zaidi kila anapong'oa mguu. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8, mapema zaidi zikikua haraka.

Kusimama bandani mchana kutwa huvimbisha miguu na kukausha mtelezo tunaoutafuta, hivyo atolewe nje. Maji yawepo muda wote: farasi wa kilo 450 aliyepumzika hunywa lita 25 hadi 30 kwa siku, na kwenye joto na kazi anaweza kufika maradufu.

Kosa jingine ni kurudia mno. Mwili mzima mara moja kwa wiki unatosha kwa farasi wa kazi ya kawaida. Sehemu iliyokaza ipe siku mbili kabla ya kuigusa tena. Baada ya kila zamu, mtembeze dakika kumi na asipewe kazi nzito siku hiyo. Utaratibu huu unafaa pia kwa punda, ila punda huficha maumivu kuliko farasi, na dalili yake inaweza kuwa ni kusimama kimya tu.

Mahali mkono usipofika

Kano iliyochanika inahitaji picha ya ultrasaundi na mpango wa daktari. Huponea kwa kovu lisilo na mnyumbuko wa awali, na kurudi kazini kikamilifu huchukua miezi 9 hadi 12 au zaidi, kwa kuongeza mwendo hatua kwa hatua. Kuna pia magonjwa ya tishu unganishi zenyewe. Farasi ambaye vifundo vyake vinashuka karibu na ardhi mwezi baada ya mwezi huku miguu ya nyuma ikinyooka wima, huenda ligamenti zake za kuning'iniza kifundo zinaoza polepole. Ugonjwa huo unafahamika sana kwa farasi wa Peruvian Paso, ingawa si wao pekee. Huyo asinyooshwe miguu hata kidogo. Baadhi ya farasi wa Quarter Horse wa Marekani hurithi ugonjwa uitwao HERDA, ambao ngozi ya mgongoni huachana na kilicho chini yake na kuchanika kwa tandiko. Kipimo cha vinasaba kipo, na ngozi inayovutika kama imelegea mno ni sababu ya kukiomba kabla hujaweka kiganja.