Kuboresha taa kubwa ya pikipiki kwa safari za usiku: volti na mlengo kabla ya balbu

Matoleo mengi ya pikipiki zinazobeba abiria na mizigo katika Afrika Mashariki, kwa mfano Bajaj Boxer na TVS HLX, huja na balbu ya halojeni ya volti 12, yenye wati 35 kwa fulu na wati 35 kwa dimu. Balbu ya aina hiyo, inayoandikwa HS1 kwenye kitako chake, inapopata volti 13.2 hutoa takribani lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 825 kwa fulu na 525 kwa dimu. Si mwanga mwingi, lakini unatosha kwa mwendo wa wastani endapo wote unatoka na kufika barabarani. Kwa kawaida haufiki. Sehemu hupotelea kwenye waya, sehemu hunaswa na kioo kilichofifia, na sehemu kubwa humulika matawi ya miti kwa sababu taa imeinuka. Kwa hiyo anayekwenda dukani moja kwa moja kununua balbu kali zaidi mara nyingi huirundikia fedha hitilafu ambayo ingeondolewa kwa bisibisi na kipande cha waya.

Ni vyema kwanza kujua umbali unaohitaji kuuona. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki husogea karibu mita 17 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba mbele kuna tuta lisilopakwa rangi, umekwishatembea mita 25 kabla ya kugusa breki, na kwa breki ya kawaida kwenye lami kavu utahitaji mita nyingine 28 hivi ili usimame. Jumla ni mita 53. Kwa kilomita 80 kwa saa jumla hiyo hufika takribani mita 83, na kwenye changarawe au lami yenye maji umbali huongezeka zaidi. Taa isiyokuonyesha kitu kabla ya umbali huo inakuacha uendeshe kwa kubahatisha.

Usafi wa kioo

Kioo cha mbele cha taa nyingi za siku hizi ni cha plastiki, na jua likikipiga kwa miaka kadhaa huwa cha njano au chenye ukungu. Kisugue kwa msasa laini wa maji namba 1000, kisha namba 2000, halafu kipake dawa ya kung'arishia plastiki hadi kirudi kuwa angavu. Kiakisi cha ndani, ile sehemu inayong'aa kama fedha nyuma ya balbu, hakiguswi kwa kitambaa hata kikiwa na vumbi, kwa maana rangi yake ni utando mwembamba wa alumini unaochubuka kwa urahisi. Kipulizie hewa tu. Ikiwa utando huo umekwishabanduka au umekuwa mweusi, nunua taa nzima, kwani hakuna balbu itakayofidia hasara hiyo. Kagua pia kioo cha helmeti yako. Wapo wanaolalamikia taa huku wamevaa kioo cheusi cha kuzuia jua saa mbili usiku.

Kupima umeme unaofika kwenye taa

Hatua hii ndiyo huleta tofauti kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo, na ndiyo mafundi wengi huiruka. Kwanza tambua taa yako inapata umeme kutoka wapi. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inatumia umeme wa betri. Ikiwa inawaka tu injini inapozunguka, na inafifia kila unapoachia mafuta, basi inalishwa moja kwa moja na koili ya magineti kwa umeme wa mkondo geu (AC). Mfumo huo wa pili bado upo kwenye pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani na baadhi ya zile za Kichina, nao una masharti yake ambayo tutayafikia kwenye uchaguzi wa balbu.

Kwa taa inayotumia betri, chukua mita ya umeme na uiweke kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Washa injini, izungushe kwa mwendo wa kati, washa taa, kisha pima kwenye ncha mbili za betri. Kipimo kizuri kiko kati ya volti 13.5 na 14.5. Baada ya hapo pima nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwa mahali pake na inawaka, kwa kuwa soketi isiyobeba mzigo itakupa jibu la uongo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani. Hasara hii haipaswi kudharauliwa, kwa sababu mwanga wa balbu ya halojeni hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti zenyewe: volti zikipungua kwa asilimia 10, zaidi ya robo ya mwanga hupotea.

Ili kujua umeme unapotelea upande gani, weka waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na wa pili kwenye chanya ya soketi, taa ikiwa inawaka. Volti utakazosoma ndizo zinazopotea katika upande wa chanya, yaani kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya hendeli na plagi zilizo katikati. Rudia kwa kugusa hasi ya betri na hasi ya soketi. Mara nyingi utakuta hasi ndiyo mkosaji, kwa kuwa imefungwa kwenye bodi kwa bolti moja iliyopata kutu au iliyopakwa rangi chini yake. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka hasi ya soketi hadi hasi ya betri, safisha plagi zilizoota rangi ya kijani, kisha pima tena.

Ikiwa upotevu uko kwenye swichi, dawa yake ni rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Swichi ya hendeli haikuumbwa kubeba mzigo wote wa taa kwa miaka mingi. Ukiwa na rilei, swichi inatoa amri tu, na umeme wenyewe unapita njia fupi kutoka kwenye betri. Rilei ya kawaida ya magari ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unapata umeme kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 10. Mguu wa 87 unaupeleka kwenye balbu. Mguu wa 86 unaunganishwa na ule waya wa zamani uliokuwa ukilisha taa. Na mguu wa 85 unakwenda hasi. Unahitaji rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwani kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote kikichubuka na kugusa chuma. Viunganishi vyote vikaze kwa koleo maalumu au vichomelewe kwa risasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishwa seloteipu nyeusi zitaachiana katika msimu wa kwanza wa mvua.

Uchaguzi wa balbu

Wapo watakaokushauri kuchonga vishikio vya balbu ya gari ya H4, yenye wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, ili iingie kwenye taa ya HS1. Ni kweli kwamba balbu hiyo hutoa mwanga karibu mara mbili. Lakini inakula ampea 5 badala ya takribani 3, joto lake linaweza kuyeyusha kiakisi cha plastiki, na mfumo wa chaji wa pikipiki ndogo haukutengenezwa kwa mzigo huo. Binafsi nisingeiweka hata kwa kupewa bure.

Taa za LED ndizo zinazovutia wengi, na si bila sababu, kwa kuwa hutoa mwanga zaidi kwa kila wati. Tatizo ni maneno yanayoandikwa kwenye maboksi. Balbu inayodai lumeni 20,000 huku ikivuta ampea 2 kwenye volti 12 inatumia wati 24. Na kwa LED nzuri inayotoa lumeni 100 kwa kila wati, mwanga wake hauwezi kuzidi lumeni 2,400 hivi. Puuza lumeni zilizoandikwa, soma ampea, kisha piga hesabu mwenyewe.

Jambo zito zaidi ni umbo la mwanga. Kiakisi cha taa ya halojeni kimechongwa kwa hesabu ya mahali waya mwembamba wa balbu unapokaa, na kusogea kwa milimita moja au mbili kunatosha kutawanya mwanga. Chagua balbu ya LED ambayo vipande vyake vya mwanga ni vidogo na vimekaa pale pale penye waya wa balbu ya awali. Ukishaifunga, hakikisha vipande hivyo vinatazama kushoto na kulia, si juu na chini. Kabla ya kutoa balbu ya zamani, elekeza taa ukutani na uchore kwa chaki mstari ambapo mwanga wa dimu unakatika. Balbu mpya ikionyesha mstari huo huo, imekubali. Ikimwaga mwanga juu ya mstari, irudishe dukani, hata kama macho yako yanaona uwanja wote umekuwa mchana, kwa sababu mwanga huo wa juu ndio unaompofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako.

Pikipiki yenye taa inayolishwa na koili inahitaji LED iliyoandikwa kwamba inakubali mikondo yote miwili; vinginevyo itapepesa na kuungua mapema. Pima pia nafasi iliyopo ndani ya kopo la taa, kwa kuwa LED nyingi zina feni au bomba la kupozea nyuma yake, na kopo likishindwa kufunga vizuri, maji na vumbi vitaingia. Kuhusu rangi, tafuta kati ya Kelvini 4,000 na 5,000. Zile za 6,500 zenye ubluu hupendeza kwenye picha, lakini huwasumbua wanaokutana nawe.

Anayeweza kununua taa nzima ya LED, yenye lenzi yake yenyewe, atapata matokeo bora kuliko balbu ya kubadilisha. Kabla ya kulipa, iwashe mbele ya ukuta na uangalie upande ambao mstari wa dimu unapanda. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo sehemu inayopanda iwe kushoto, kuelekea ukingo wa barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia, kama zilivyo Rwanda, Burundi na Kongo, hupanda kulia, na kwetu itawapiga machoni wanaokuja.

Kulenga taa ikiwa na mzigo

Jaza upepo wa matairi kama inavyotakiwa, kisha simamisha pikipiki kwenye sakafu tambarare, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, na uweke alama ya kimo hicho ukutani. Keti juu ya pikipiki ikiwa wima, washa dimu, na urekebishe skrubu au bolti za taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 7.5 chini ya alama. Kwa taa yenye kimo cha sentimita 90, mlengo huo unaufikisha mwanga mita 60 hadi 90 barabarani. Ukiishusha mpaka sentimita 12.5, mwanga unaishia mita 36, ambazo hazitoshi hata kwa mwendo wa kilomita 60.

Hapa ndipo mwendesha bodaboda anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenye pikipiki ya kwenda kazini peke yake. Umbali kati ya ekseli za pikipiki hizi ni kama mita 1.3. Abiria akipanda na nyuma ikashuka kwa sentimita 3 tu zaidi ya mbele, taa inainuka kwa zaidi ya asilimia 2, yaani zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita, na mwanga uliokuwa sentimita 6 chini ya alama sasa uko zaidi ya sentimita 5 juu yake. Mwanga wote wa dimu unakwenda hewani. Kwa sababu hiyo, lenga taa huku abiria ameketi au gunia limefungwa, kwa kadiri unavyobeba usiku siku nyingi. Ikiwa mizigo yako inabadilika sana, kaza springi za shokapu za nyuma unapobeba vizito, na ujifunze kuisogeza taa yenyewe kwa mkono pale muundo wake unaporuhusu.

Taa za nyongeza

Taa ndogo za pembeni zifungwe chini ya kimo cha taa kubwa, kwenye bampa la kinga miguu. Rilei yake ichukue amri kutoka waya wa fulu, ili zizimike zenyewe unaporudi dimu. Baada ya kuzifunga, washa kila kitu, zungusha injini kwa mwendo wa kati na upime betri. Volti zikishuka chini ya 13, chaji haitoshi, na kuna kitu cha kuondoa.

Jaribio la mwisho lifanyike barabarani, mahali pasipo na magari. Weka gunia jeusi ukingoni mwa barabara, pima mita 55 kwa kamba, keti kwenye pikipiki ukiwa na mzigo wako wa kawaida, na uwashe dimu. Usipoliona gunia hilo, rudia mlengo. Na ukiwa umekwishafanya yote yaliyotangulia na bado hulioni, mwendo wako wa dimu katika barabara hiyo ni chini ya kilomita 60 kwa saa.