Kabla ulipie gari, hesabu taa za dashibodi

Nimejifunza hii nikizunguka yadi za magari za Ngong Road, Nairobi. Zungusha ufunguo hadi ON bila kustati (ya batani, finya mara mbili bila kukanyaga breki) alafu angalia: taa ya injini, oili, betri, ABS (breki za kuzuia tairi kufunga) na eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) zote ziwake, na ukishastati zote ziwe zimezima. Ile haiwaki kabisa ndio ya kuogopa, mtu anaweza kuwa ametoa balbu ama amebandika tepu nyeusi nyuma ndio usione shida, na hiyo eabegi ndio inafaa kukuokoa kwa ajali. Hii njia ya kuangalia inafeli kama fundi ameunganisha waya ya taa ya eabegi na ya oili, so taa ya eabegi ikizima pamoja na ya oili hapo hapo, badala ya kuzima yenyewe baada ya sekunde kadhaa, itisha ipimwe na mashine.