Jinsi ya kupima nyaya na fiba zinazounganisha paneli za king'ora cha moto

Paneli mbili (makabati yanayoongoza king'ora cha moto) zinaweza kuwasiliana leo huku waya uliopo kati yake ukiwa mbovu. Mawasiliano ya kidijitali huvumilia kasoro kwa muda mrefu, kisha hukatika ghafla, mara nyingi maji yanapoingia kwenye maungio. Kwa hiyo naanza na waya wenyewe, skrini ya paneli baadaye.

Hatua ya 1: Toa taarifa

Waarifu wasimamizi wa jengo na kituo kinachopokea ishara. Zuia kwa muda amri zinazokwenda kwenye lifti, milango, feni na hasa gesi ya kuzimia moto. Kila ulichokizuia kiandike. Sehemu itakayokosa ulinzi iwe na mtu wa kuizungukia mpaka umalize.

Hatua ya 2: Waya wa shaba

Zima umeme na betri, kisha chomoa kebo pande zote mbili. Usiruke hapa: kipimo cha insulesheni hutumia volti 500, na bodi iliyobaki imeunganishwa itaungua.

Pima waya kwa waya, waya kwa skrini ya kebo (ganda la chuma linalozikinga nyaya ndani yake), na kila kimoja kwa athi (waya wa ardhini). Kebo mpya iliyo kavu husoma mamia ya megaomu. Ikisoma 2 au 3, viwango vingi vitaipitisha, ila mimi siiachi, kwani mara nyingi kuna unyevu kwenye kisanduku cha maungio au ganda limekwaruzwa bombani. Ukimaliza, toa chaji iliyobaki kwenye kebo kabla hujaishika.

Sasa funga nyaya mbili pamoja upande wa mbali na upime ukinzani. Waya wa milimita 1.5 za mraba una takriban omu 12.1 kwa kilomita, kwa hiyo kebo ya mita 400, kwenda na kurudi, isome karibu omu 9.7. Ukipata 14, huenda kuna skrubu iliyolegea. Mwambie mwenzako atikise maungio moja baada ya jingine huku wewe ukitazama mita. Namba ikirukaruka, umeipata.

Kama mtandao ni wa RS-485 (njia ya kupitisha data kwa nyaya mbili), unganisha tena kebo umeme ukiwa bado umezimwa, na upime kati ya nyaya mbili za data. Kila mwisho wa laini una rezista ya omu 120, hivyo utasoma karibu 60. Ukisoma 120, rezista moja haipo. Ukisoma 40, kuna ya tatu iliyosahaulika katikati.

Hatua ya 3: Fiba

Fiba ni uzi wa kioo unaobeba ishara kwa mwanga. Usichungulie ncha yake kamwe: mwanga huo hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Kagua konekta kwa hadubini ya fiba, isafishe, kisha ikague tena. Konekta ya kijani (APC) usiichomeke kwenye ya bluu (UPC), maana nyuso zake zimekatwa tofauti.

Piga hesabu ya mwanga unaotarajiwa kupotea kabla ya kupima. Chukua kilomita 1.2 za fiba ya modi moja kwa desibeli 0.5 kila kilomita: 0.6. Maungio mawili ya konekta kwa 0.75: 1.5. Kiungo kimoja cha kuyeyusha (fiba mbili zilizounganishwa kwa joto): 0.3. Jumla ni 2.4, na chochote kilichozidi hapo kinadai maelezo.

Weka mita kwenye sifuri kwa kebo zako za rejea, halafu pima kwa nanomita 1310 na 1550, kutoka pande zote mbili. Ikiwa 1550 inapoteza zaidi ya 1310, tafuta mahali fiba ilipokunjwa mno, mara nyingi ni ndani ya kabati, chini ya tai ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi. OTDR, kifaa kinachotuma mwanga kwenye fiba na kupima unaorudi, itakuonyesha ni mita ya ngapi.

Hatua ya 4: Ikate makusudi

Washa mfumo, subiri hitilafu zote zifutike, kisha chomoa kipande kimoja cha mzunguko (paneli zilizounganishwa kwa duara, ili ishara ipite upande wa pili kipande kimoja kikikatika). Paneli lazima itangaze hitilafu: kiwango cha Ulaya, EN 54-2, kinadai ndani ya sekunde 100, na cha Marekani, NFPA 72, ndani ya 200. Kipande kikiwa bado kimechomolewa, puliza moshi wa majaribio kwenye ditekta ya paneli ya mbali na uone kama ishara inafika. Rudia kwa kila kipande. Mtandao wa mzunguko usiofaulu hapa haumlindi mtu.

Kisha zima umeme mkuu. Nimekuta vigeuzi vya fiba (vifaa vinavyogeuza ishara ya umeme kuwa mwanga) vimechomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani. Umeme ukikatika, mtandao wote unakufa huku betri za paneli zikiwa zimejaa. Kigeuzi lazima kilishwe na umeme wa akiba wa mfumo wenyewe.

Hatua ya 5: Andika na urudishe

Hifadhi omu, megaomu na desibeli za kila kipande ndani ya kabati la paneli. Fundi wa mwakani atazihitaji ili ajue nini kimebadilika. Halafu shika ile orodha ya hatua ya kwanza, rudisha kimoja kimoja, na uwapigie simu kituo wathibitishe kwamba ishara inawafikia.