Jinsi ya kuitazama The Americans ukaielewa

Kwanza usiingie ukitafuta mabomu na magari kufukuzana, utaboreka. Hii tamthilia (2013 hadi 2018, misimu 6) ni ya ndoa zaidi, Philip na Elizabeth ni majasusi wa KGB (shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti) wanaojifanya Wamarekani pale karibu na Washington miaka ya 80, watoto wao hawajui kitu na jirani yao ni wa FBI, wapelelezi wa Marekani, yaani balaa tupu. Anza msimu wa kwanza, usiruke, halafu mkazie macho Martha, sekretari wa FBI ambaye Philip anamuoa kwa jina la Clark huku kavaa wigi, maskini dada wa watu anapenda kwelikweli. Simu weka pembeni, Kirusi kinaongewa sana humo, ukikosa maandishi ya chini umeachwa. Msimu wa 6 tafuta mtu wa kubishana naye.