Kabla ya kupimwa tezi zinazoshambuliwa na kinga ya mwili

Kinga ya mwili ikishaigeukia tezi moja, huenda isiishie hapo. Mtu anaanza na thairoidi, tezi ya shingoni, miaka inapita, kisha kongosho au adrenali, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinaguswa. Kila dalili ikipelekwa kwa daktari wake, hakuna anayeona ugonjwa mzima. Kwa hiyo kabla ya kwenda, andika yote kwenye karatasi moja: kilianza nini, mwaka gani, dawa gani na dozi yake. Usiache hata yanayoonekana hayahusiani, kama mabaka meupe ya ngozi, upungufu wa vitamini B12, au hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Waulize na ndugu zako wa damu.

Kisha jikague kwenye mwanga wa jua. Kunjua kiganja utazame kama mistari yake imekolea weusi, halafu fizi, halafu kovu. Ngozi nyeusi huficha mabadiliko haya, basi jilinganishe na picha zako za zamani. Ukiona weusi umekolea, tena unatamani chumvi, unakonda na kupata kizunguzungu ukisimama, taja adrenali wewe mwenyewe. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari aina ya 1 ambaye sukari inamshuka mara kwa mara kwa insulini ileile.

Hili nalisisitiza kuliko yote: penye shaka hiyo, adrenali zipimwe kabla ya kuanza thairoksini, dawa ya upungufu wa homoni ya thairoidi. Dawa hiyo huufanya mwili utumie kortisoli, homoni itokayo kwenye adrenali, haraka zaidi, na mwenye kortisoli haba anaweza kuzidiwa ghafla. Isitoshe, upungufu wa kortisoli wenyewe huweza kupandisha kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, ikaonekana kana kwamba thairoidi ndiyo yenye kasoro.

Damu ya kortisoli kwa kawaida hutolewa asubuhi, yapata saa 2. Sema kama unatumia steroidi, dawa za jamii ya kortisoli, iwe vidonge, sindano, dawa ya pumu ya kuvuta au ya kupaka, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Taja vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana hupandisha kipimo. Biotini, vitamini inayotumiwa kwa nywele na kucha, huvuruga majibu. Uliza uiache siku ngapi kabla.

Ukianza kutapika mfululizo, kulegea au kuzimia kabla ya siku ya kipimo, usingoje miadi. Nenda idara ya dharura na karatasi yako mkononi.