Counter-Strike 2: kupanga pesa za timu raundi kwa raundi

Tangu 1999, ilipoanza kama nyongeza ya gemu ya Half-Life, Counter-Strike haijabadilika sana: watano kwa watano, hawa wanatega bomu, wale wanalitegua. Haichoshi, na sababu si shabaha pekee. Ni pesa. Kosa la manunuzi hulilipi papo hapo, unalilipa raundi mbili mbele.

Kila mchezaji anaanza na dola 800. Nunua fulana ya kuzuia risasi kwa 650, ubaki na 150. Mkipoteza mnalipwa 1,900, kwa hiyo unayo 2,050, na hapa ndipo timu nyingi huharibu: wawili wananunua, watatu wanabana pesa, wote wanakufa. Baneni wote watano. Mkipoteza tena mnapata 2,400, jumla 4,450. AK-47 ni 2,700, fulana na kofia 1,000, guruneti ya moshi 300, mbili za mwanga 400, chenji 50. Aliyechomoa 1,000 raundi ya pili ana 3,450 tu: hata AK na kofia anapungukiwa 250, achilia mbali moshi.

Malipo ya kushindwa hupanda kwa 500 hadi 3,400, na ushindi mmoja huyashusha ngazi moja tu.

Mtego ambao wengi hawaujui uko upande wa kutega. Muda ukiisha bomu halijategwa, aliye hai halipwi chochote. Waliokwisha kufa wanalipwa. Una AK na fulana? Jifiche, uziokoe kwa raundi inayofuata. Una bastola tu? Vamia ufe kabla saa haijaisha.

Kabla ya kununua, bonyeza Tab uone mfuko wa kila mwenzako. Mwenye akiba anunue bunduki ya pili na kumrushia aliyeishiwa (kitufe cha G). AWP, bunduki ya kudungua kwa mbali, ni 4,750, na kuua nayo kunalipa 100 badala ya 300 za AK; ukiwa na 5,000 kamili iache, kwani utabaki bila fulana.

Wanaolinda wawe na angalau vifaa viwili vya kutegulia, 400 kila kimoja. Bomu hulipuka baada ya sekunde 40, na kulitegua huchukua sekunde 10 bila kifaa, 5 ukiwa nacho.

Raundi ya 12, ya mwisho kabla ya kubadilishana upande, tumieni pesa zote. Mkibadilishana upande, kila mtu anarudi kwenye 800.