Nukta nyekundu kwenye bastola: faida, hasara na namna ya kuizoea

Mara nyingi mtu akinijia uwanja wa shabaha na bastola yenye kilengeo cha nukta nyekundu, huwa keshainunua, keshaifunga, na keshaanza kuilaumu. Anasema nukta haionekani. Namwambia anyanyue bastola alenge, nami nasimama pembeni yake. Mdomo wa mtutu unaangalia juu, kichwa kimeinama, macho yanahangaika ndani ya kioo kama ya mtu aliyeangusha funguo gizani. Nukta ipo. Mkono ndio haujafika mahali pake.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla ya dukani. Ninafundisha kulenga kwa bastola, nimetumia vilengeo vya chuma kwa miaka na sasa natumia nukta, na sijioni kuwa wakili wa upande wowote.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe. Hakirushi mwanga mbele kama leza. Kuna taa ndogo ya LED nyuma ya lenzi, mwanga wake unagonga lenzi na kurudi kwenye jicho lako, na wewe unaiona nukta kana kwamba imekaa kule kwenye shabaha. Kwa vilengeo vya chuma unapanga vitu vitatu: cha nyuma, cha mbele na shabaha, na jicho haliwezi kuvikaza vyote kwa pamoja. Kwa nukta unaikazia macho shabaha tu, yote mawili yakiwa wazi. Faida nyingine karibu zote zinazaliwa hapo. Hasara nazo zinatokana na ukweli kwamba umeweka kioo, betri na skrubu juu ya chuma kinachorushwa nyuma na mbele kila unapofyatua.

Hatua ya 1: Pima jicho, si mfuko

Ukishapita miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho huwa ngumu na kilengeo cha mbele, kilicho umbali wa mkono, kinaanza kuwa na ukungu. Watu wa namna hii ndio wanaonufaika kuliko wote. Nimeona mzee aliyekuwa karibu kuacha mchezo akirudi kupiga makundi ya kubana (matundu ya risasi yaliyokaribiana) kwa sababu tu hakulazimika tena kupapasa kile kichuma kwa macho.

Lakini kuna jicho ambalo nukta hailipendi. Mwenye astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayopotosha taswira, ataiona kama nyota, koma, au zabibu zilizoshikana. Kabla hujalipa, washa kilengeo, punguza mwanga, kisha kitazame. Ukiona nukta imechanika, ipige picha kwa simu kupitia kioo kilekile. Ikiwa kwenye picha ni duara safi, tatizo liko kwenye jicho lako. Jaribu tena ukiwa umevaa miwani uliyoandikiwa. Wengine hupona hapohapo. Wengine hupata nafuu kwa nukta ya kijani au kwa kupunguza mwanga. Asiyepata nafuu kwa lolote kati ya hayo, mimi humwambia abaki na chuma.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa na umbo

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa MOA (dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii). MOA 1 ni kama sentimita 2.9 kwenye umbali wa mita 100. Kwa hiyo nukta ya MOA 3 inafunika sentimita 2.2 hivi kwenye mita 25, na ya MOA 6 inafunika kama 4.4. Kubwa hukamatwa haraka na jicho, ndogo hukupa usahihi wa mbali. Kwa anayeanza, ningesema kati ya 3 na 6, basi. Watu hubishana sana juu ya hili na tofauti yenyewe si kubwa hivyo.

Muhimu zaidi ni kama taa iko wazi au imefungiwa. Zile za wazi ni nyepesi na fupi, ila tone moja la maji, au uzi wa nguo ulioingia pale taa ilipo, unaweza kuizima nukta au kuigeuza madoadoa. Zile zilizofungwa kama kisanduku hazina shida hiyo: ukipangusa kioo cha mbele na cha nyuma umemaliza. Ni nzito zaidi kidogo na mara nyingi ni ghali zaidi. Bastola inayobebwa ndani ya nguo kutwa nzima, mimi ningeiwekea ya kufungwa.

Hatua ya 3: Funga kwa mkono safi

Toa magazini. Vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha ingiza kidole kuhakikisha. Risasi zitoke chumbani kabisa.

Kilengeo hukaa kwenye slaidi iliyochongwa nafasi, mara nyingi kwa kutumia bamba la katikati. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Mara ya kwanza nilifunga bila kusafisha mafuta kwenye matundu ya skrubu. Kwa siku chache kila kitu kilikuwa sawa. Kisha makundi yangu yakaanza kutambaa kulia, nikalaumu risasi, nikabadilisha risasi, nikalaumu kifyatuo. Jioni moja nikagusa kilengeo kwa kidole gumba na kikacheza. Skrubu zilikuwa zimelegea karibu nusu mzunguko.

Basi: pangusa matundu na skrubu kwa spiriti hadi zikauke, weka tone dogo la gundi ya skrubu isiyo ya kudumu (tone, si bomba), kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo kama kijitabu cha kifaa kinavyoelekeza, na uache gundi ikauke usiku kucha. Hakikisha skrubu si ndefu mno, maana ikipitiliza huweza kugusa sehemu za ndani za slaidi na kuzizuia. Mwisho chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kilengeo. Mstari ukivunjika, unajua skrubu imezunguka bila kuhitaji kuigusa.

Ikiwezekana weka pia vilengeo vya chuma virefu vinavyoonekana kupitia kioo. Siku betri ikikata utavihitaji.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa shabaha

Anza mita 10, bastola ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Piga risasi 5 taratibu bila kugusa chochote. Usirekebishe kwa risasi moja. Tafuta katikati ya kundi, pima umbali wake kutoka ulipolenga, ndipo uzungushe skrubu za kurekebisha zilizo kwenye kilengeo.

Skrubu hizo huzunguka kwa hatua ndogo ziitwazo kliki. Kwa kifaa ambacho kliki moja ni MOA 1, kliki hiyo inasogeza risasi milimita 2.9 kwenye mita 10, na 7.3 kwenye mita 25. Kundi likiwa chini kwa sentimita 4 kwenye mita 10, hizo ni kama kliki 14 juu. Mshale kwenye skrubu ya kurekebisha unaonyesha risasi itakakokwenda, si nukta. Ukizungusha kuelekea juu, nukta ndani ya kioo itashuka. Wanafunzi hushtuka na kurudisha nyuma. Wasirudishe, kifaa kinafanya kazi yake.

Ukimaliza mita 10, sogea 25 umalizie hapo. Kumbuka nukta imekaa sentimita 2 na zaidi kidogo juu ya katikati ya mtutu, kwa hiyo kwenye mita 3 risasi itaingia chini ya nukta kwa karibu kiasi hicho. Si hitilafu.

Hatua ya 5: Fundisha mkono kuileta nukta

Kazi yenyewe iko hapa, na hapa ndipo wengi huacha. Kwa vilengeo vya chuma, ukikosea kidogo bado unakiona kile cha mbele kikija na unajisahihisha njiani. Kwa nukta, ukikosea kiasi hichohicho kioo kiko tupu. Haikupi onyo.

Chagua doa dogo ukutani, upande ambao ni salama hata kama umekosea hesabu ya risasi. Likazie macho. Fumba macho, nyanyua bastola hadi kwenye mstari wa jicho, kisha fumbua. Nukta iko wapi? Kwa wengi itakuwa imetoroka kupitia ukingo wa juu wa kioo, kwa sababu mdomo wa mtutu uko juu. Usiinamishe kichwa kuitafuta. Kaza kidole cha mwisho cha mkono unaosaidia na ushushe mdomo hadi nukta iingie. Rudia. Dakika 10 kwa siku kwa wiki kadhaa, bila risasi, zinazidi masanduku ya risasi uwanjani.

Mwanafunzi anayekodolea nukta badala ya shabaha, mimi humbandikia kipande cha utepe mbele ya kioo. Jicho moja linaona nukta, la pili linaona shabaha, na ubongo unaziunganisha. Akifumba jicho moja anajikuta hana shabaha.

Jambo lingine: nukta itatetemeka. Mkono wako ulikuwa unatetemeka siku zote, chuma kilikuwa kinakuficha. Anayeanza husubiri itulie katikati kabisa kisha anavuta kifyatuo kwa pupa, na risasi inakwenda chini kushoto kwa mtumiaji wa mkono wa kulia. Iache icheze ndani ya duara, uendelee kubana pole pole.

Hatua ya 6: Mwanga, betri, kioo

Mwanga ukizidi, nukta huchanua na kufunika shabaha. Ukipungua, jua kali huimeza. Iweke ionekane wazi dhidi ya shabaha yenye mwanga, halafu ujaribu tena ukiwa kwenye kivuli. Vilengeo vinavyojirekebisha vyenyewe husoma mwanga ulipo wewe, si ulipo shabaha: ukiwa ndani ya giza unalenga nje, nukta inaweza kufifia mno.

Betri, mara nyingi aina ya CR2032 au CR1632, ibadilishe mara moja kwa mwaka kwa tarehe usiyoweza kusahau, hata kama haijaisha. Kwenye baadhi ya vifaa betri iko chini, na lazima ukifungue chote. Ukishakirudisha, rudi hatua ya 4 na upige kuthibitisha.

Kioo kipangushe kwa kitambaa laini kila baada ya mazoezi. Moshi wa baruti hujenga utando polepole kiasi kwamba hutauona hadi siku jua likikupiga kwa nyuma. Na kabla hujaondoka uwanjani, utazame ule mstari wa rangi.